Chai ya Nusu Bakuli

Chai ilifika ukingoni mwa bakuli nami sikuinua birika. Niliendelea kumimina mpaka ile chai ya maziwa ikawa inachezacheza mdomoni mwa bakuli, nikalisogeza taratibu mbele ya Mama Zuurakan, kisha nikachukua la mwenzake nalo nikalijaza hivyo hivyo. Chumba kizima kilinyamaza. Nilidhani wamenyamaza ili wanitazame vizuri, nikazidi kuliinamia birika.

Huku kwetu, mjini Karakol, hata mtoto mdogo anajua kwamba mgeni humiminiwa nusu, au chini ya nusu, ili arudishe bakuli umwongezee, arudishe tena, na kila mara mpeane neno. Ukimjazia, umemwambia anywe aende zake. Nami nilijua. Nimelelewa humo humo. Lakini siku hiyo macho ya wageni yote yalikuwa kwangu, na kichwani mlikuwa na wazo moja tu: nikijaza, hawataniita tena niwaongezee.

Walikuwa wamekuja kumvisha mdogo wangu Nurzat hereni za uchumba. Mama Zuurakan, mama yake Ermek aliyetaka kumwoa Nurzat, alikuwa nazo mfukoni, zimefungwa kwenye leso. Alilitazama lile bakuli, akanywa funda moja kwa adabu, akajifuta midomo.

"Haya," alisema. "Tumeelewa."

Wakainuka wote pamoja. Hereni zikaondoka nao.

Nurzat alisubiri mpaka mlio wa gari lao ukapotea. "Dada, umewafukuza."

"Sikukusudia."

"Najua hukukusudia! Ndiyo maana inaniuma. Ungekuwa unawachukia, angalau ningejua pa kuanzia ugomvi."

Nilikuwa hivyo tangu utotoni. Mwalimu alipoita majina, nilianza kutokwa na jasho kabla hajafika hata karibu na langu. Duka la mkate lilikuwa mkabala na nyumba yetu, na bado nilimtuma Nurzat, naye wakati huo hajui hata kufunga kamba za viatu. Wazazi wetu walipofariki nikabaki kumlea. Nilimfulia, nikamshonea, nikampikia, lakini kila palipohitajika maneno alitangulia yeye. Majirani waliniita Saikal mpole, wakanisifu kwamba nina haya kama mabinti wa zamani. Sifa hizo nilizichukia, kwa sababu hakuna aliyejua jinsi moyo ulivyokuwa ukinipiga kwa sababu tu mtu amebisha hodi.

Kesho yake alikuja Shangazi Kalipa, dada yake baba, muuza soksi za sufu sokoni. Nurzat alimsihi aende kwa akina Ermek akatuombee radhi.

"Mimi?" Shangazi alikuwa anatafuna andazi. "Mimi ndiye niliyejaza bakuli? Aliyejaza aende mwenyewe."

"Siwezi, shangazi," nilisema.

"Leo huwezi, hilo naliona. Kesho asubuhi njoo sokoni. Na hiyo skafu ya kujifichia uiache nyumbani."

Kazi ya kwanza aliyonipa pale sokoni ilikuwa kwenda kwa muuza kofia, kuuliza bei, kushukuru na kuondoka bila kununua kitu.

"Atanichukia," nililalamika.

"Atakuchukia mpaka aje mteja mwingine. Nenda."

Nilikwenda. Yule mzee alisema mia nane, lakini kwa kichwa kizuri kama changu angekubali mia saba. Nikasema asante, nikageuka kuondoka. Nyuma yangu nilimsikia keshaanza kumwita mtu mwingine. Basi, yakaishia hapo. Nilirudi kwenye meza ya soksi nimekasirika, nikashindwa hata kumweleza shangazi ninamkasirikia nani. Miaka yote ile nilikuwa nimekimbia kitu kilichokwisha kabla sijavuta pumzi ya pili.

Majira ya baridi yote nilikuwa sokoni. Shangazi alinipa kazi ngumu zaidi kila nilipoizoea ile ya mwanzo: kumsalimu nisiyemjua kabla hajanisalimu, kumwambia muuza nyama arudie kupima, kurudisha viazi vilivyooza na kudai vingine. Alinifundisha kwamba moyo ukianza mbio nikanyage chini kwa nguvu, nitoe pumzi polepole kama ninayepoza mchuzi. Nisiwatazame watu wote kwa pamoja, nichague uso mmoja nizungumze na huo. Na kama kuna shughuli, nifike mapema. "Ukiingia watu wameshajaa, utajiona umepelekwa mahakamani," alisema. "Tangulia wewe, wao ndio waingie wakukute."

Siku nyingine nilishindwa kabisa. Mara moja kundi la wanawake wachangamfu lilinizunguka mezani, wote wanauliza kwa pamoja, nikakimbia na soksi moja mkononi, ile ya pili nimeshamkabidhi mteja. Shangazi alinifuata mpaka nyumbani.

"Mguu mmoja wa mwanamke wa watu unapigwa na baridi kwa ajili yako," alisema. "Kesho utampelekea hii soksi, na utagonga mlango mwenyewe."

Nililia usiku ule kwa hasira. Asubuhi nilipeleka soksi. Hofu haikuniacha, niliamka nayo, nikavaa viatu nayo, nikaenda nayo sokoni. Lakini Nurzat alikuwa amekonda, na kila nilipomwona akizigusagusa ndewe za masikio yake matupu, nilijua sina ruhusa ya kukata tamaa.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Ermek alituletea habari kwamba mama yake amekubali kutupokea. Tuliondoka alfajiri, mimi, Nurzat na shangazi, tukafika kabla ya mgeni yeyote. Njiani shangazi alinionya: "Mimi nakwenda kula. Usinitazame mimi."

Nilimsaidia mke wa kaka yake Ermek kutandika kitambaa cha chakula na kupanga maandazi. Nilimuuliza jina, nikamuuliza habari za watoto. Wajomba na mashangazi wa upande ule walipoanza kuingia, walinikuta nimo, nami niliwakaribisha mmoja mmoja. Mama Zuurakan aliingia mwisho, akaketi mahali pa heshima, mbali na mlango.

Nilisimama. Sentensi ya kwanza nilikuwa nimeikariri, nimeliambia jiko letu mara nyingi mpaka Nurzat akanicheka.

"Mama, mimi ndiye niliyejaza bakuli." Nilimtazama yeye tu. "Sikuwa nawafukuza. Ninaogopa watu. Si nyinyi tu, watu wote, tangu nikiwa mdogo. Nilijaza ili msinigeukie tena..." Sauti ikakatika. Nilikanyaga zulia kwa nguvu, nikatoa pumzi. Hakuna aliyenisaidia, nilimsikia shangazi anatafuna. "Mdogo wangu hana kosa, na anampenda mwanao. Kama kuna mtu wa kuondoka leo, niambieni niondoke mimi, yeye abaki."

Nikaketi. Masikio yalikuwa yananiwaka.

Mama Zuurakan alimwashiria mkwewe asogee, akalivuta birika mwenyewe, akamimina. Bakuli lilipita mkono kwa mkono, kutoka kule juu alikoketi yeye mpaka kwangu karibu na mlango. Nilitazama ndani. Chai ilikuwa ya funda moja tu, imefunika kitako cha bakuli kwa shida.

Nurzat aliiona, akafunika uso kwa viganja.

Nilikunywa. Nikabaki na bakuli tupu mkononi, na watu wote wananitazama, wanasubiri.

"Mama, naomba uniongezee," nilisema.

"Sema kwa sauti, binti. Huku juu kuna masikio ya kizee."

"Niongezee, mama!"

Wajomba wakacheka. Mama Zuurakan alinyoosha mkono mmoja kupokea bakuli, na wa pili ulikuwa tayari unatafuta ile leso ya hereni mfukoni. Alinimiminia tena, kidogo kuliko mwanzo. Nikanywa, nikarudisha, nikaomba nyingine.