Kistari cha Jumanne

Siku ya sitini na tatu ya eda yake, Hasina aliamka kama alivyoamka siku zote zilizotangulia: hana uchungu, hana njaa, hana neno. Wanawake wa Mwabungo walikuwa wamejitahidi kumliza mpaka wao wenyewe wakaishiwa machozi. Yeye macho makavu, utadhani wanamlilia mume wa mtu mwingine.

Kitu kimoja tu alikishughulikia. Marehemu mumewe, Chirau, alikuwa akiwapimia mvua watu wa hali ya hewa, na kwa miaka kumi na tisa daftari lake halikuruka siku. Hata siku ya kumwoza binti yao, ilipofika saa tatu asubuhi aliwaacha wageni na pilau yao, akaenda kukichungulia kipimamvua. Mwisho wa mwezi daftari lingechukuliwa, na Hasina alitaka walikute kama Chirau alivyoliacha, bila pengo.

Lakini mwenye eda hatoki, na kipimamvua kilikuwa nje ya ua. Kazi akampa jirani yake, Dama. Kila asubuhi saa tatu Dama humimina kilichomo ndani yake kwenye kioo cha kupimia chenye mistari, akamletea dirishani. Kaskazi ilikuwa imekausha hata mate. Kioo kikaja kitupu kila siku. Hasina akaandika sifuri, akashusha pumzi, akalifunga daftari.

Jumatatu hiyo, siku ya sitini na tatu, baada ya alasiri, mvua ikaja. Hasina aliisikia ikipiga bati, akamkumbuka Chirau jikoni, ameshika kifuniko cha sufuria ya wali kinachodondosha maji.

"Usiniambie huyajui mawingu, mke wangu, na unayapika kila siku."

Kisha humweleza. Jua linaipasha bahari moto, mvuke unapanda, huko juu unapoa. Lakini mvuke unataka kitu cha kushika: chembe ya vumbi, au ya chumvi iliyorushwa na mawimbi. Chembe inajivika maji, vitone vinagongana na kuungana, mpaka hewa inashindwa kuvibeba.

"Kwa hiyo maji yote hayo yalikuwa hewani tangu asubuhi?"

"Yalikuwepo. Hayakuwa na pa kushika tu."

Mvua ilinyesha hadi magharibi. Hasina alikaa akingoja na yeye limjie lolote, hata chozi. Halikumjia.

Jumanne saa tatu Dama alifika dirishani, uso unang'aa.

"Umeamkaje, shoga?"

"Salama. Jana kwako haikunyesha?"

"Imenyesha! Kuku wangu nimewaanika kwenye kamba kama soksi."

"Mbona kioo kikavu?"

"Kikavu kabisa!" Dama alikiinua kama kikombe cha mshindi. "Niliposikia harufu ya mvua tu, nikatimua mbio, nikakifunika kwa ndoo. Godoro langu limelowa, lakini chombo cha marehemu hakikuguswa na tone."

Hasina akalifungua daftari, lakini hakuandika.

"Kila kikija kikavu unashusha pumzi," Dama akasema, sauti ikipungua. "Nikajua ndivyo unavyotaka."

Hasira ingekuja, ingekuwa afadhali. Haikuja.

"Basi andika sifuri yetu."

"Sifuri ni pale unapopima ukakosa, Dama. Jana hatukupima."

"Andika milimita arobaini. Nani atakwenda kuiuliza mvua?"

Kalamu ikasimama juu ya karatasi. Arobaini ingekaa vizuri pale, na daftari lingekuwa zima. Lakini ndani yake ingekuwemo siku moja ya uongo, katikati ya siku zote ambazo Chirau alikwenda kupima kwa miguu yake. Akafunua ukurasa wa kwanza, penye mwandiko wa marehemu: *Usichokipima usikikisie. Weka kistari.* Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuweka hata kimoja.

Hasina akakiweka.

"Hicho nini?" Dama akauliza.

"Hicho kinasema sijui."

Dama alikitazama kistari kupitia nondo za dirisha, kisha akamtazama mwenye kalamu. "Na ile salama yako ya kila asubuhi, shoga?"

Wino ulikuwa haujakauka.

"Sijui, Dama."

Dama akasogea karibu na dirisha. Akapenyeza mkono kati ya nondo, akamshika kifundo cha mkono. Upande wa baharini wingu lilikuwa limeanza tena kujaa.

"Nenda kaiondoe ndoo," akasema Hasina.