Si Baba, ni Msimamizi

…na huyo bado anapuliza kipaza sauti, moja mbili, moja mbili, mnanisikia huko nyuma, tunakusikia kaka Fidelis, Ifakara nzima inakusikia, mpaka wanaosubiri treni stesheni wanakusikia, na mimi niko hapa baraza ya nyuma ya nyumba yako na ungo mapajani nachambua mchele wa wageni wako, chuya, jiwe, chuya, jiwe, mchele wenyewe mzuri, wa Mofu, lakini mpunga waliuanika kando ya barabara wakauzoa na kokoto zake, na wifi Jane anapita na sufuria anasema, "Eveline, maji yanakaribia kuchemka," nami nasema haya, neno hilo tu, kwa sababu nikifungua mdomo zaidi ya hapo litatoka lile jingine nililolifungia wiki nzima, na litamwunguza Jane ambaye hana kosa, kosa lake ni kuolewa na mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema samahani… na sasa anajaribu hotuba, naisikia vipande vipande, upepo unapeperusha turubai na kumeza nusu ya maneno, "…shina la ukoo wetu… marehemu katekista Lukelo… baba mzazi wa babu yetu Donati…" baba mzazi, hakuridhika na baba, akaongeza mzazi, na jiwe la kaburi analo tayari, liko sebuleni limeegemezwa ukutani, limefunikwa kanga kama bibi harusi, marumaru nyeusi, herufi za dhahabu, tukishakula tunakwenda kulisimika kaburini kwa Lukelo, padri atalinyunyizia maji ya baraka, na uongo ukishabarikiwa na kumwagiwa saruji nani tena wa kuung'oa, wajukuu zetu watapigiwa picha hapo, watasema huyu ndiye… lakini kitabu ulichoyatoa hayo nami nimekiona, Fidelis, kwa macho yangu haya, ulidhani mdogo wako atakaa tu apike, na wala sikwenda kukuchunguza, nilipanda basi nikavuka daraja mpaka misheni ile ya zamani upande wa Mahenge kwa sababu nilitaka kuliona jina la babu likiwa limeandikwa, basi, kama mtu anavyotaka kuona picha, na padri kijana akanifungulia kitabu cha ubatizo, kurasa za njano, mwandiko wenye mikia mirefu, akashuka na kidole, "Donati huyu hapa, mama," nikasema na Lukelo baba yake yule pale, na padri akasogeza kidole pole pole kama anayeogopa kuniumiza, "Hapana mama. Lukelo yuko kwenye safu ya patrinus. Patrinus ni msimamizi wa ubatizo. Baba ni pater, safu hii hapa," na safu hiyo haikuwa na jina, ilikuwa na mstari, mstari mfupi wa wino, na pembeni yake, safu ya mama, Chiku, wa Mofu, na ukurasa huohuo Lukelo ameandikwa tena na tena, msimamizi wa huyu, msimamizi wa yule, alikuwa katekista, kila mtoto aliyekosa mtu wa kumshika alimshika yeye, kwa usomaji wa kaka yangu basi Lukelo alizaa nusu ya bonde la Kilombero peke yake, mtu wa watu, sijui mahubiri alikuwa anahubiri saa ngapi… nikarudi nikaenda kumwambia, kwa adabu zote, shikamoo kaka, nimetoka misheni, kuna mahali umekosea, si baba, ni msimamizi, nikafikiri atashtuka, au atacheka, watu hukosea, macho yake siku hizi na ile miwani, lakini alikunja gazeti lake mara mbili akaniambia, "Pater, patrinus, Eveline, tofauti yake nini? Herufi tatu nne. Na jiwe limeshachongwa," nikamwambia na mama je, maana umeandika mke wa Lukelo ndiye mama yake Donati, na kitabu kinasema Chiku, akasema, "Chiku ndiye nani? Unataka nisimame mbele ya watu niseme tumetokana na mtoto wa haramu?"

Haramu, akaniambia mimi, akinitazama usoni, mimi mama yake Konsolata, kaka yangu anayejua kwamba cheti cha Konsolata kina mstari uleule, mimi niliuona ukipigwa, karani aliuliza jina la baba nikaangalia dirishani, akauliza tena, kisha nikaisikia kalamu, krr, mara moja, kama mtu anachana kitambaa, na Konsolata yuko ndani ya treni sasa hivi anatoka Mlimba, amebadilishana zamu na mwenzake zahanati ili aje asikilize historia ya ukoo, amenipigia simu jana, "Mama, niwekee kiti cha mbele," atakaa mbele na gauni lake jipya amsikilize mjomba akimfuta bibi mzaa babu kwa sababu alizaa kama mimi nilivyozaa, na atapiga makofi, mwanangu, kwa sababu hajui, na mimi nitakuwa nimebeba sinia la wali… jiwe, chuya, hili lingevunja jino la mtu… na Chiku ndiye nani, unauliza, wakati tulikuwa wawili chumbani siku babu anakata roho, mimi namfuta jasho, wewe umesimama mlangoni, akanishika kiganja akasema, mama Chiku, maji, nikampa kikombe akakisukuma, siyo hayo, ya mtoni, yamefika kifuani, mama usiniachie, na wewe ukasema malaria imempanda kichwani, hatuna Chiku kwenye ukoo huu, ukafunga dirisha majirani wasisikie, mzee wa miaka ile yote analia kama mtoto aliye mgongoni, na kweli alikuwa mgongoni, sasa naona, alikuwa mgongoni na maji yanapanda, masika, bonde lote limekuwa ziwa, mwanamke ametoka Mofu na mtoto, amemtoa mgongoni amemweka mabegani, hana mume wa kumshika mkono, labda hata ndugu zake walimwambia asirudi, na anavuka tu, anavuka ili mtoto apate jina, na ng'ambo wote wamegeuza nyuso isipokuwa katekista mmoja anasema mlete, nitamshika mimi… na huyo katekista, kwa wema huo mmoja, leo anabandikwa mtoto asiye wake… "Moja mbili, kijana hebu punguza mwangwi," anasema Fidelis huko, sauti nzuri anayo, hilo halina ubishi, sauti ya seminari, miaka minne alisoma seminari kabla hawajamrudisha, na mpaka leo kila Pasaka anasimama mbele ya kwaya anaimba Kilatini bila karatasi, amefumba macho, Pater Noster mwanzo hadi mwisho, Pater… Pater Noster, Baba Yetu… ngoja, pater, analiimba kila mwaka, analijua neno hilo kuliko padri yule kijana, analijua kama anavyojua jina lake, alikiona kitabu peke yake kabla yangu, akaiona safu ya pater na mstari wake, akasogea safu nyingine akachukua mtu… hakukosea. Mungu wangu, hakukosea hata kidogo, wiki nzima mimi natafuta maneno laini ya kumsahihisha mtu ambaye hakukosea, nalaumu miwani, nalaumu mwandiko wa wazungu, kumbe alichagua, kama mtu anavyochagua kiti kizuri kwenye mkutano akaketi… na ajabu mikono yangu imetulia, inachambua tu, chuya, jiwe, nilidhani nitapasuka, lakini hasira haina haraka tena.

"Hodi hapa," sauti ya mzee, ni Mzee Venance, mjukuu halisi wa Lukelo, kaja na fimbo yake na koti la sikukuu kwenye joto hili, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, mna maji ya kunawa, naweka ungo pembeni, namiminia kwa jagi, vidole vyake vimepinda kama mizizi, anavisugua kimoja kimoja, na anasema bila kuniangalia, "Kaka yako ananiita baba mdogo. Mbele ya watu. Sawa, kama Donati alikuwa wa kwanza, basi mimi ni mdogo," umri ule, miaka themanini na ushei, anaitwa mdogo na mtu aliyejiokotea ukubwa kitabuni, "si kitu hicho," anasema, "ila bibi yangu ndiye aliyenilea. Donati hakumzaa yeye, watoto wake alinihesabia wote. Na alikuwa akisema Lukelo hakumjua mwanamke mwingine maisha yake yote. Alikufa akisema hivyo. Kumbe alidanganywa, maskini," na anaendelea kusugua vidole ambavyo vimeshatakata, na mimi nimeshika jagi, maji yamekwisha na bado nimeliinamisha, nafikiri nikisema hapa litafika kule kabla wali haujaiva, Fidelis hataniita tena nyumbani kwake, watasema ana uchungu wake mwenyewe huyo, si mnajua habari zake, waseme, walishasema, Konsolata alipozaliwa walisema mpaka wakachoka na mimi nikaamka kesho yake nikaenda kazini… "Wifi, mchele jamani!" Jane anaita, na kule kipaza sauti kinakohoa, moja mbili.

"Mzee," nasema, "bibi yako hakudanganywa."

Anainua macho, nayaona yamefunga ukungu pembeni, na namwambia, babu yako alimshika Donati siku ya ubatizo tu, alikuwa msimamizi wake, hakumzaa, nimekiona kitabu, kaka yangu naye amekiona, Donati alizaliwa na Chiku, mwanamke wa Mofu, na mzee amesimama na mikono mitupu inayochuruzika maji, midomo inatembea bila sauti, kama anamwambia mtu mwingine, siyo mimi, kisha anauliza, taratibu, bila ubaya wowote, "Na baba yake?"

"Hakuandikwa," nasema, na sishushi macho. "Mama yake ameandikwa."