Vumbi la Jalada

"Rudia," Noreen alisema, jicho likiwa bado kwenye kamera.

Tate alishuka kwenye baiskeli, akaanza kuisukuma tena kupanda mlima. Ilikuwa mara ya tisa. "Dada, mimi naipinda vizuri tu," alilalamika. "Kona yenyewe ndiyo haitaki. Ngumu kama sakafu ya benki!"

Alisema kweli. Wendell Ostby aliijenga kona ile ya njia ya baiskeli kwa viangazi viwili, akibeba ndoo za udongo wa mfinyanzi kutoka kijitoni, akiumwagilia maji na kuupiga kwa mgongo wa sepetu mpaka ukang'aa. Alikuwa na miaka sabini na moja, goti la kushoto limeshamkataa, na mji mzima wa Nelson ulijua kwamba baada ya hii hajengi nyingine. Baiskeli ilipita juu yake bila kuacha alama. Wala haikurusha hata chembe ya vumbi, na hapo ndipo penye kisa.

Asubuhi hiyo Gerry, mhariri wa jarida, alikuwa amepiga simu. "Noreen, wale wa kampuni ya tairi wamenunua tangazo la ukurasa wa nyuma kwa sharti. Kwenye jalada, tairi lao lionekane linauma ardhi. Nataka vumbi. Likikosekana, jalada nampa yule mpiga picha wa Utah."

Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Wahenga hawakuwahi kufanya kazi kwenye jarida la baiskeli za milimani. Noreen alipoanza, miaka ishirini nyuma, picha ilitosha kuwa na ukungu, mierezi, na mtu mdogo akipotea katikati yake. Siku hizi jina la tairi lilipaswa kusomeka. Naye alikuwa na miaka sita bila jalada hata moja. Alilitaka hili mpaka likamkosesha hamu ya kula.

Juzi tu, Wendell alimpa ruhusa wakinywa kahawa barazani kwake. "Piga utakavyo, binti. Ila udongo usiuguse."

"Niuguse wa nini, mzee?"

"Aa, nawajua nyie watu wa picha." Mzee alicheka, na Noreen akacheka naye.

Sasa alifungua mkoba wake mrefu, akatoa reki. Wapiga picha wa baiskeli karibu wote wanayo, ingawa hakuna anayeitaja. Tate alimtazama.

"Mwenyewe anajua?"

"Tutaurudishia."

Alikwangua ukingo wa kona kina cha vidole vitatu, akanyunyiza udongo mkavu aliouchota chini ya gogo. Dakika kumi, kazi kwisha. Tate alipoteremka mara ya kumi, vumbi lilipanda na jua likapita ndani yake, na Noreen akapiga kelele za furaha peke yake mle msituni. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba hakuweza hata kuiita mbaya.

Walirudishia udongo kwa miguu, wakaukanyagakanyaga, wakaondoka. Siku tatu baadaye mvua za vuli zikaanza. Maji yalipata mlango pale ukingoni, yakachimba mfereji, na nusu ya kona ikateremka bondeni.

Jarida lilitoka kiangazi kilichofuata. Noreen alilipeleka kwa Wendell kwa mkono wake mwenyewe. Mzee alivaa miwani, akalitazama jalada kwa muda mrefu.

"Nzuri," alisema. "Kwa kweli, nzuri sana." Kisha kidole chake kikatua juu ya wingu la vumbi, kikabaki hapo. "Na mimi nikadhani ni mvua. Msimu mzima wa baridi nimejilaumu kwamba sikushindilia vya kutosha. Nikasema, Wendell, umezeeka, mikono imekwisha."

"Ni mimi, mzee. Nilitumia reki."

"Naona."

"Nisamehe. Nitaijenga upya."

"Ijenge." Alimrudishia jarida. "Hili nenda nalo tu."

Laiti angemtukana. Noreen aliteremka ngazi za baraza ile, jarida likiwa mkononi.

Jumamosi alipanda mlima na ndoo mbili za udongo wa mfinyanzi. Kabla hajafika kwenye kona alisikia vicheko. Watu saba walikuwa wamepanga foleni na baiskeli zao, tairi zote mpya, za aina ile ile ya jaladani. Mmoja baada ya mwingine waliteremka, wakabana breki, gurudumu la nyuma likararua kilichobaki. Mwanamke mmoja alishika jarida, akimwelekeza mwenzake jinsi ya kuinamisha bega.

"Jamani, acheni!" Noreen alisema. "Mnaibomoa!"

"Kila mtu mara moja tu, mama," mmoja alimtuliza.

Mwingine, aliyekuwa akiwapiga picha kwa simu, alimpungia mkono kwa adabu. "Samahani, mama, sogea kidogo kushoto. Ndoo zako zinaingia kwenye picha."

Noreen akasogea. Baiskeli ikapita, na vumbi likaja taratibu, likatua juu ya udongo mbichi aliokuwa bado ameushika.