Nafasi Sitini

Kosa lilikuwa mstari mmoja, na Eulalie ndiye aliyeuandika. Programu ya kompyuta ya kuchagua wanafunzi wapya wa shule yao ya wasichana ilikuwa na masharti marefu: kama msichana ana cheti cha kuzaliwa, apite, kama hana, itazamwe kadi ya ubatizo, kama anayo, apite, kama hana hata hiyo, atolewe. Eulalie, kwa maringo ya fundi, aliyafupisha: aliyekosa cheti au kadi, atolewe. Alipaswa kuandika: aliyekosa vyote viwili.

Nusu ya Bukavu cheti chao ni hiyo kadi ya parokia. Orodha ikabandikwa ukutani bila wao, na asubuhi mama mmoja kutoka Kamanyola, Domitille, akaingia ofisini na kadi ya binti yake ndani ya nailoni.

"Mutoto alipata quatre-vingt-onze, tisini na moja kwa mia. Kadi iko hii. Munamukatalia nini?"

Eulalie alirudia kusoma mstari wake, akaliona kosa. Akamwomba mama angoje nje. Alirekebisha, akaendesha programu upya. Wasichana ishirini na watatu wenye alama nzuri waliingia. Nafasi ni sitini tu, kwa hiyo ishirini na watatu wakatoka, na miongoni mwao Noëlla, binti wa dada yake, Lucie, mtoto ambaye Eulalie alimbeba mgongoni tangu uchanga.

Hakuna mwingine shuleni aliyejua kusoma mistari ile. Angesema mashine imekataa, nani angebisha? Dirishani alimwona Domitille ameketi kwenye ngazi, akaogopa, kisha akaona haya kwa kuogopa.

Akaenda kumweleza yote mkuu wa shule, Papa Déogratias, ambaye wote walimwita Préfet. Mzee alisoma orodha mpya, akavua miwani.

"Noëlla tumuongeze," alisema kwa huruma. "Weka tu condition moja, sharti dogo: kama jina iko yake, apite."

Huruma ile ilimfunga kuliko ukali. Sasa akimtoa mtoto, ni yeye amemtoa, si mashine.

"Na nani anatoka, Papa Préfet?"

"Wa soixante, wa sitini, yule wa mwisho. Yule hatumujui."

"Mama yake anamujua."

Eulalie aliibandika mwenyewe orodha mpya, bila jina la Noëlla, kisha akampigia Lucie simu.

"Tuko kwa mushonaji!" Lucie alicheka. "Ngoja, umusemeshe mwenyewe."

"Maman mudogo?" ilikuwa sauti ya Noëlla. "Jupe ya shule yenu iko murefu kidogo, lakini mama anasema nitaivaa mpaka nimalize masomo hapo."