Uzio wa Jeilani

Tangu kaskazi ishike, Batuli hakutulia. Aliacha wali jikoni haujakauka, akateremka tena kwenye mkono wa bahari ulio nyuma ya kijiji cha Chundwa, akasimama maji ya kiunoni akichungulia mizizi ya mikoko. Miaka kumi alikuwa akitanda uduvi hapo kwa kitambaa, na samaki changu wa pale aliwajua kama majirani. Wakati wa kusi, maji yakiwa kama uji, walikuwa wadogo kama ukucha, wamejibanza mizizini. Walipofikia kidole walihamia kwenye nyasi za mlangoni mwa mkono huo. Sasa maji yametakata, wamekuwa kiganja, wanajikusanya kwenda nje, mwambani.

Na mlangoni pale pale shemeji yake, Jeilani, alikuwa amesimamisha uzio wa fito, ukingo hadi ukingo. Kila maji yakipwa alizoa vikapu vya changu wachanga, wengine wakaishia kwa kuku.

"Shemeji, hawa ndio changu wa mwambani, hawajakua tu," Batuli alimwambia. "Ukiwamaliza, Mselem atavua nini?"

Jeilani alicheka. "Wa mwambani ni wa mwambani, Bi Batuli. Hawa ni wa matopeni. Ndivyo walivyoumbwa."

Mselem, mumewe, alikuwa kando akishona wavu.

Kesho yake adhuhuri Batuli alikata kamba, akang'oa upande mzima wa uzio. Samaki walimpita miguuni kama mvua. Jeilani akamkuta na fito mkononi, akapiga kelele hadi watu wakajaa.

"Utaufuma upya," Mselem alimwambia mbele yao wote. "Kwa mikono yako."

Aliufuma siku tatu, uso ukimwaka kwa haya. Kati ya ufito na ufito aliacha nafasi ya vidole vitatu.

"Huu uzio au dirisha?" Jeilani alifoka.

"Wakubwa hawapiti."

"Na wadogo?"

"Wana ndia yao ya kupita."

Jeilani alishika ufito aung'oe. Mselem akauweka wavu chini.

"Uwate, Jeilani, usiung'oe. Mwambani naenda mimi. Kaskazi mbili zikipita nami narudi mtupu, nitauziba mwenyewe."

Jeilani hakula kwao mwezi mzima, lakini uzio ulibaki. Kaskazi ya pili Mselem alirudi na changu wanene hata akaazima vikapu.

"Riziki ya Mngu tu," Jeilani alisema.

"Alhamdulillahi," Batuli aliitikia, na hakubishana. Kusi ilipoingia tu, alikuwa keshakunja kanga magotini, yuko majini kutafuta wachanga waliofika.