Kilomita Zilizorudi Mbaga

Usiku wa jana niliota nimekwenda kukagua gari nikiwa na gauni la kulalia, na mwenye yadi akanipokea kama mtu aliyevaa suti.

Gari lenyewe ni la kweli. Ni gari la juu, la familia, viti safu tatu, rangi ya fedha, limetumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Liko kwenye yadi moja mjini Moshi, na mdogo wangu Elineema ameshalipenda. Leo asubuhi ndipo alipotakiwa kulilipia. Tunalitaka kwa ajili ya mama. Tangu nyonga ianze kumuuma hawezi kupanda basi, na tangu baba afariki hajakanyaga Mbaga, kwetu milimani. Anakaa nami hapa Same, milima anaiona kila siku kwenye dirisha la jikoni. Tukikosea gari, ataendelea kuiangalia tu.

Katika ndoto mwenye yadi alikuwa na kioo cha pembeni mahali pa uso. Nilipomtazama nilijiona mwenyewe, mdogo, kwa mbali.

"Gari safi hili, dada'angu," kioo kikaniambia. "Viti bado vina nailoni."

Nikaingia. Ile sauti ya mwanamke wa Kijapani inayokaa ndani ya magari ya namna hii ikaanza kusema. Nchi nzima tunamsikia kila tukiwasha, na sijawahi kukutana na mtu anayejua anasema nini. Jana alisema Kipare. Kipare kizuri, cha milimani, ambacho hata mimi nikikisema nachanganya.

"Miaka yote nawasemesha, hamjibu," akalalamika. "Mnasema huyo mama kaanza tena."

"Utusamehe, shangazi."

"Haya. Umefundishwa kukagua?"

"Fundi amenieleza. Injini iwe ya baridi, niangalie rangi ya moshi, nichungulie chini, nisome kilomita."

"Basi fanya."

Nafungua boneti. Injini imejikunyata ndani ya sweta la shule, meno yanagongana.

"Niko baridi kama ulivyotaka," inasema. "Huyu bwana alitaka kuniwasha kabla hujafika, nisikohoe mbele yako. Nikakataa."

"Kwani unakohoa?"

"Asubuhi tu. Wewe hukohoi asubuhi?"

Nikaifunga kifungo cha juu cha sweta, nikashusha boneti taratibu.

Moshi ukatoka kwenye bomba, ukasimama kwa adabu ubavuni mwa gari. "Nimekuja nitazamwe rangi."

"Sioni rangi yoyote."

"Ndiyo sifa yangu," ukasema, ukaondoka kuelekea stendi.

Nikalala chali, nikajisukuma uvunguni nitafute kutu. Uvunguni nikakuta nyumbani kwa bibi, Mbaga. Jua linawaka. Makande yanachemka kwenye mafiga, na bibi, ambaye tulimzika nikiwa darasa la pili, ameinama anafagia uwanja.

"Hakuna kutu huku," akasema bila kuinuka. "Nimefagia yote. Toka hapo, umelalia mahindi yangu."

Nikatoka. Nywele zikatoka na punje za mahindi, hakuna aliyeuliza.

Zikabaki kilomita. Nikarudi kukaa kiti cha mbele cha abiria, nikatazama dashibodi. Namba zinarudi nyuma, moja moja, kama zinaona aibu.

"Shangazi, hizi zinakwenda wapi?"

"Zimerudishwa. Wanunuzi mnapenda gari lililotembea kidogo. Lakini kilomita ikifutwa haipotei, inarudi ilikotoka. Jishike."

Yadi ikaondoka dirishani. Ikaja lami ya Same, ikaisha, ikaja barabara ya vumbi ya Mbaga, na gari linapanda kona kwa kona. Miguu yangu haifiki chini tena. Nyuma yangu Elineema ni mtoto, ananyonya kidole, amelalia mfuko wa mchele wa sikukuu. Nailoni inanata mapajani. Gari letu la zamani ndivyo lilivyokuwa: baba alikataza nailoni isitolewe, tukasafiri miaka yote ile bila kugusa kiti, hadi alipoliuza viti vikiwa bado havijamjua mtu.

Kwenye usukani yuko baba. Kifua kimekaribia usukani, anapiga honi kila kona, hata palipo na mbuzi mmoja aliyefungwa kamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekaa kiti cha mama yako."

"Nimejikuta tu niko hapa."

"Kaa. Leo kaa."

Shangazi akaninong'oneza kutoka kwenye redio: "Ukilinunua, itakuwa hivi kila ukiwasha."

Baba aliponyoosha mkono kurekebisha kioo, nikaiona ile saa yake iliyokuwa inachelewa, na bado ilikuwa inachelewa. Sikutaka kukagua kitu kingine.

"Nalichukua," nikasema.

Baba akapiga honi, safari hii kwa ajili yangu. "Unachukua nini? Umevuta mkanda?"

"Fundi hakusema habari za mkanda."

"Mimi ndiye ninayesema. Zulia watafua. Bodi watapaka rangi. Nailoni mpya wataweka. Mkanda wanausahau, maana umejikunja ndani. Vuta. Usiishie pale mkanda unapotosha kukufunga. Vuta mpaka ugome."

Nikavuta. Mkanda ukatoka mweusi, safi, ukanizunguka kifuani, ukanijaa mapajani, ukapita dirishani na kutandikwa barabarani nyuma yetu. Halafu ukaanza kutoka na rangi ya udongo. Matope laini, na harufu ya maji yaliyolala. Samaki mdogo akatoka nao, akaomba radhi, akarudi ndani.

"Limewahi kuzama kwenye mafuriko hili," baba akasema. "Nyaya zake zinaoza polepole. Litakuzimikia kona ya juu, mama yako akiwa ndani."

"Shangazi, ni kweli?"

"Ndicho ninachowaambia kila mkiwasha," akajibu.

Nikaushika mkanda kwa mikono yote. "Baba, nikiliacha, nawe utashuka."

"Mimi nilishashuka, Nakunda. Tafuta gari la kumpandisha mama yako."

Akasimamisha chini kidogo ya kanisa, akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili kama kawaida yake, akafungua mlango.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Elineema yuko yadi.

"Dada, injini inaimba. Sikiliza."

"Kaa kiti cha abiria, mbele. Vuta mkanda mpaka ugome."

"Mkanda? Kwani nimekuja kununua gari au suruali?"

"Vuta, Elineema."

Nikausikia unatoka. Kwa mbali mwenye yadi alikuwa anaeleza jambo kuhusu vumbi la melini.

"Dada," akasema, kwa sauti yake ya utotoni niliyokuwa nimeisahau. "Huku mwisho kuna matope."

"Rudi nyumbani. Tutatafuta jingine."

Mtu mwingine angesema ni hofu ya mnunuzi tu, nami ningekubali. Lakini mama aliingia na chai, akachechemea hadi kitandani, akanitazama kifuani kabla ya kuweka kikombe. Juu ya gauni langu ulipita mstari wa udongo mkavu, kutoka bega la kushoto hadi kiuno cha kulia, upana wa mkanda.

Akaugusa kwa kidole, akakinusa.

"Alikukalisha mbele?"

"Alinikalisha."

"Mlifika wapi?"

"Chini kidogo ya kanisa."

"Basi mlikuwa mmekaribia," akasema, akanisogezea chai.