Kiongozi Kutoka Kijijini

Fomu ya ruzuku ilikuwa na kurasa tisa, na zote nilizijaza mimi, Moza, katibu wa kikundi cha mwani cha Tumbe. Dokta Othman, mhadhiri wa chuo kikuu huko Unguja, alitujia mara tatu, akakaa kitako jamvini na sisi wanawake, akatueleza kuwa kuna ruzuku ndogo kwa miradi inayoongozwa na watu wawili: mmoja wa chuo, mmoja wa kijiji. Sisi tulitaka banda la kukaushia mwani. Yeye alitaka kuandika namna tunavyoongozana. Kila mtu na lake.

Langu mimi lilikuwa jengine. Kiongozi wa kijiji angekwenda Unguja wiki mbili, kusoma chuoni pamoja na wahadhiri. Niliacha skuli kidato cha pili, mama alipougua. Sasa nina miaka arobaini na moja, mgongo umekufa kwa kuinamia kamba za mwani, na bado nikipita dirishani mwa darasa nachungulia ubaoni kumeandikwa nini. Nafasi ile niliitaka mpaka nikaona haya.

Ikabaki sehemu ya mwisho, jina la kiongozi. Kikundi kizima kimekaa, Dokta anangoja. Nani atajiandika mwenyewe mbele ya wakubwa zake? Kwetu unamtaja mkubwa kwanza. Mkubwa anashukuru, anasema keshazeeka, anakurudishia. Ndivyo tunavyogawana kila kitu, na hata huo ukatibu niliupata hivyo hivyo.

“Tumuandike Bi Bimkubwa,” nikasema.

Bi Bimkubwa ana miaka sabini na mbili, na mwani aliuanza kabla yetu sote. Aliitazama fomu kwa muda. Jirani yangu Mwanakhamis keshanikonyeza, kwamba nijitayarishe.

“Haya,” akasema Bi Bimkubwa. “Niandike.”

Nikamuandika. Dokta Othman akafurahi sana, akasema huo ndio uongozi wa pamoja hasa. Nilitamani kumpiga na hiyo fomu.

Ruzuku ilipotoka, kazi zikawa zangu kama kawaida. Kuita mikutano, kupiga picha za kamba, kumtumia Dokta ripoti kwa simu iliyopasuka kioo. Kuchoka nilishachoka zamani. Safari hii nilichoka na kukasirika pamoja.

Asubuhi ya safari nilikwenda kumfungia Bi Bimkubwa mkoba wake, kabla gari haijaja kumpeleka bandarini. Nilimkuta keshavaa baibui jipya, kakaa barazani. Nikampa karatasi mbili nilizomuandikia, mambo ya kusema huko.

“Za nini mwanangu? Miye kusoma sijui.”

“Atakusomea Dokta.”

Akazikunja, akazitia mkobani. Nikashindwa kujizuia.

“Bi Bimkubwa, mbona hukunirudishia?”

Hakujifanya hakuelewa.

“Nilijua waitaka,” akasema. “Lakini miye nimerudisha maisha yangu yote. Skuli nilitajwa, nikampisha kaka yangu. Uenyekiti nilitajwa, nikampisha mamaako. Kila mtu akingoja nirudishe, na miye narudisha. Siku ile nikaona nshachoka. Nikasema hiki kimoja nakishika.”

“Na mimi je?”

“Weye ungelisema waitaka, ningelikupa papo hapo. Nilikungoja. Ulikaa kimya ukinitazama mdomo.”

Nilimwonea wivu na huruma pamoja. Gari ikapiga honi barabarani. Nikauchukua mkoba, tukaongozana, mimi nyuma yake, yeye akienda polepole kwa ajili ya magoti.

Mlangoni mwa gari aligeuka. “Wakiniuliza nani mwengine aje mwakani, niseme nani?”

Jina langu lilikuwa pale pale ulimini.

“Kuna Mwanamize wetu wa kikundini,” nikasema. “Ni mkubwa kwangu.”

Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa, akapanda.